Kisu cha Mama Gidamis na Makali Niliyoyaunguza

Tangu niache kazi ya kunoa, vijana wa hapa Dongobesh wananisimamisha barabarani. Mmoja anachomoa kisu cha kukunja mfukoni, anakifungua kwa kidole gumba kama alivyoona kwenye simu, kisha ananiuliza, "Fundi, hiki chuma chake kikoje?" Wengine wanasahau hata shikamoo. Huwa nasubiri mpaka waikumbuke, ndipo nanyoosha mkono.

Nimeona niandike, maana kujibu mmoja mmoja kunachosha, na katika chumba hiki nimeshakaa miezi saba, ambayo kwangu ni mingi. Sijafika miaka hamsini. Nimeacha kazi kwa sababu vidole viwili vya mkono wa kulia vimepata ganzi, na kazi ya kunoa inafanywa na kidole kuliko jicho. Karibu miaka ishirini nilizunguka minada ya Hanang na Mbulu na mawe matatu, tupa, ndoo ndogo na kigoda. Kulala nyumba moja wiki mbili kulikuwa kunanishinda. Bado kunanishinda, ila sasa sina kisingizio cha kuondoka.

Mengi ya humu ni habari za chuma. Lakini kiko kisu kimoja nilichokiharibu nikanyamaza, huku mwenyewe anajiandaa kukatia sketi ya ngozi ya binti yake wa kuozwa, na ngozi yenyewe ilikuwa moja tu. Hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nitafika. Kwanza chuma.

Ukitaka kununua kisu cha kukunja, usianze na mpini. Mpini ni nguo. Usiamini sana maandishi pia. Katesh kulikuwa na mfanyabiashara, Mama Sauda, mwenye duka la misumari, tochi, kufuli na visu, na siku moja nilimkuta na boksi zima la visu vilivyoandikwa 440, namba ya chuma kigumu, kwenye bapa. Nikachukua tupa yangu nikakwangua taratibu mgongo wa kimoja. Tupa ikang'ata kama inang'ata sabuni.

"Mama, hivi ni vijiko."

"Vijiko mbona vina ncha?"

"Vimenolewa."

"Basi na wewe utavinoa kila wiki. Nimekutafutia kazi, hata asante husemi?"

Alikuwa na haki. Kisu laini kinamlisha mnoaji. Ila kama ni cha kwako, fanya nilivyofanya: kwangua mgongo kwa tupa ndogo, sehemu isiyoonekana. Tupa ikiteleza na kulia, chuma kimekaangwa motoni sawasawa, ni kigumu. Ikishika, mrudishie mwenye duka kwa adabu. Na habari ya sumaku achaneni nayo. Wapo wanaosema kisu kisichoshika kutu hakishikwi na sumaku. Visu vizuri visivyoshika kutu vinashikwa sana tu. Chuma kinachoikataa sumaku mara nyingi ni cha sufuria.

Halafu jiulize kisu kitakutana na nini. Mchungaji wa tambarare anakata kamba, ngozi na nyama, anakifuta kwenye shuka, anakikunja na damu yake. Kisu kilichofuliwa kwa tupa ya zamani au kwa beringi ya gari kinapata makali matamu, lakini kwa mtu wa namna hiyo kitaota kutu kwenye mkunjo kabla ya mnada mwingine. Mkulima wa Daudi anayekata vitunguu na kamba za magunia, akakifuta na kukipaka tone la mafuta, huyo mpe cha beringi naye atakirithisha. Na cha tupa usikiangushe kwenye sakafu ya saruji. Nimewahi kukusanya cha mtu vipande vitatu.

Aliyenifundisha haya alikuwa Mzee Amnaay wa Daudi, mfupi, mkali wa maneno, na mkono wake wa kushoto haukuwa na kinyweleo hata kimoja toka kifundo mpaka kiwiko. Ndiyo ilikuwa barua yake ya utambulisho. Kwetu mnadani kisu kikinolewa kinajaribiwa kwenye mkono wa fundi, watu wanaona. Kikinyoa, kimepona. Kisiponyoa, fundi anazomewa. Fundi mwenye mkono wa manyoya hapati mteja.

Wiki ya kwanza alinipa kisu cha jikoni cha mkewe. Nikakinoa upande mmoja, nikageuza wa pili, nikaona kinang'aa. Mkewe akakata nacho kitunguu kimoja, cha pili kikapondeka.

"Umekiacha na ndevu," Mzee Amnaay akasema.

Ndevu ni uzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili ukishasugua vya kutosha. Kutoka bapani kuelekea nje ya makali, pitisha kidole gumba, utazisikia zikikwaruza. Zikitokea urefu wote, toka mwanzo wa makali hadi ncha, ndipo unageuza. Ukigeuza mapema umepoteza muda. Ukiziacha, kisu kitakata kwa ndevu, na ndevu hukatika. Mwishoni zitoe kwa mipito myepesi, upande huu mara moja, upande ule mara moja, mkono ukiwa mwepesi kama unapangusa usingizi usoni mwa mtoto. Mgongo wa kisu uunyanyue kiasi cha kuingia ncha ya kidole kidogo, na usiubadilishe njiani. Kama huna hakika, chukua makapeni, ile kalamu ya wino mzito, paka wino kwenye ukingo wa makali, sugua mara mbili, tazama wino umetoka wapi. Jiwe halidanganyi. Mzee Amnaay hakuwa na makapeni, alitumia masizi ya sufuria.

Sasa nije kwenye vyuma hivi vya siku hizi mnavyoviona kwenye simu. Baadhi vinatengenezwa kwa unga wa chuma uliogandamizwa kwa joto na nguvu, na ndani yake zimo chembe ngumu sana, ngumu kuliko mawe yetu ya mtoni. Kisu cha namna hiyo hukata miezi bila kuguswa. Kikichoka, jiwe la kawaida linakisugua kisu bila kuzikata zile chembe, linang'arisha tu. Kinahitaji kibao chenye vumbi la almasi. Na makali yake hata yakiwa mazima yana meno madogo yasiyoonekana, hayapendi sana kunyoa, yanapenda kukata. Hili sikulijua wakati Mama Gidamis aliponiletea kisu chake.

Alikuwa mama wa kifugaji wa upande wa Getanuwas, mrefu, bangili za shaba mikono yote miwili, na sketi ya ngozi ambayo wanawake wao huivaa wakishaolewa, iliyokatwa chini nyuzi nyembamba mamia. Alisimama mbele ya kigoda changu kwenye mnada wa Getanuwas mpaka watu wakampisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mawe?"

"Ndiye mimi."

"Hiki kimechoka." Akanipa kisu cha kukunja, cheusi, chepesi. Kijana wake Gidamis alikuwa amemzungusha mtafiti wa ndege mlimani, na wakati wa kuagana akapewa. "Miezi mitano kinakata ngozi. Sijakigusa na jiwe. Sasa binti yangu anaolewa, na ngozi ninayo moja. Ya mtamba wangu mwenyewe. Nimeikwangua na kuipaka mafuta tangu mvua zianze. Mwezi mpya ukionekana, naanza kukata."

"Ukikosea uzi mmoja?" nikauliza, kwa kuongea tu.

"Ngozi haina kiraka, fundi."

Nikasugua. Nikabadilisha jiwe, nikasugua tena. Kwenye mgongo tupa yangu ilikuwa imeteleza kama kwenye kioo, kwa hiyo nilijua chuma ni kigumu, ila sikujua kigumu cha namna gani. Baada ya muda mrefu nikanyoosha mkono wa kushoto mbele ya watu, nikapitisha. Vinyweleo vyote vikabaki vimesimama.

"Fundi, unakinoa au unakibembeleza?" mchoma nyama akapaza sauti.

"Muache," mwingine akajibu, "anataka kukioa."

Nikamwomba Mama Gidamis nikae nacho mpaka mnada ujao. Nikamwahidi kitarudi kikiwa wembe. Tazameni hilo neno. Hakuniomba wembe. Yeye alitaka kisu cha kukata ngozi. Wembe ulikuwa wangu na wa wale waliokuwa wananicheka.

Katesh nilimwendea fundi wa kuchomelea vyuma, akaniruhusu kutumia mashine yake ya umeme ya kusagia. Cheche zilitoka chache, fupi, nyekundu iliyofifia. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka kama nyasi. Cha beringi hutoa zinazopasuka nchani kama ua. Chenye mchanganyiko mwingi hutoa namna ile niliyoiona. Hapo machale yangenicheza, lakini kichwani nilikuwa na mkono wa kunyoa tu. Ndoo ya maji ilikuwa nyuma yangu. Nikasema nipitishe mara moja tu ya mwisho.

Rangi ikapita kwenye makali kutoka katikati mpaka ncha: manjano ya nyasi kavu, kahawia, halafu buluu.

Nyinyi mnaoanza, ukiiona buluu kazi imekwisha. Pale chuma kimeungua, ugumu wake umetoka. Na ukingo wa makali ni mwembamba, unaungua hata kabla ya jicho kuona rangi. Kila mpito mmoja, maji. Ukihisi joto kidoleni, umechelewa.

Nilijua hivyo siku ile ile. Nilichukua msasa laini nikaifuta buluu mpaka kisu kikarudi rangi yake. Nikakimalizia kwenye jiwe. Sasa, kwa kuwa chuma kimelainika, jiwe lilikishika vizuri na makali yakaja haraka, nikanyoa mkono karibu wote mpaka ukawa kama wa Mzee Amnaay. Nikajiambia buluu ilikuwa ya juu juu.

Mnada uliofuata, pale pale Getanuwas, nikanyoa kiraka nilichokiacha makusudi, mbele ya mchoma nyama. Watu wakaguna kwa sifa. Mama Gidamis akachukua kipande cha kamba ya ngozi, akakata mara moja. Kikaachana bila sauti.

"Nilisema nyumbani kwamba huyu wa mawe hajui," akaniambia. "Nimekosea. Unisamehe."

Nikamsamehe. Siku hiyo nilinoa visu mpaka maji ya ndoo yakawa uji.

Baada ya siku chache nikapanda Daudi kumsalimia Mzee Amnaay. Alikuwa amezeeka, hanoi tena, anakaa karibu na moto na kusikiliza. Nikamsimulia kama kichekesho, na buluu nikaitia katikati ya cheko. Hakucheka.

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini, mzee? Kinakata. Kimenyoa mkono wote huu."

"Yule mama anakwenda kunyoa ng'ombe?"

Nikashusha mkono wa shati.

"Ngozi anazo ngapi?"

"Moja."

"Mwezi umebakiza siku ngapi?"

Nikahesabu. "Mbili. Labda tatu."

Akasogeza kikombe upande wangu. "Basi kunywa chai uondoke."

Nilishuka Mbulu, nikapata gari la Katesh jioni, asubuhi nikamgongea Mama Sauda kabla hajafungua duka. Wakati huo nilikuwa nimemtazama, kwenye simu ya kondakta wa gari, mzungu mmoja akinoa kisu cha chuma cha unga kwa kibao cha almasi, nikajua ninachotafuta. Mama Sauda akapekua chini ya meza mpaka akatoa kibao chembamba cha chuma, upande mmoja mkwaruzo mkubwa, upande wa pili laini.

"Hiki kilikuja kimechanganyika na mzigo wa vitasa. Hakuna anayejua ni cha nini."

"Ni cha kwangu," nikasema, nikachukua bodaboda ya Getanuwas. Dereva aliniambia kwamba mwezi ulikuwa umeonekana jana; nilikuwa nimekosea hesabu.

Boma la Mama Gidamis nilielekezwa na wachungaji. Nilikuta wanawake wanne wameketi kuzunguka ngozi iliyotandazwa, laini, ya rangi ya chai ya maziwa. Binti mwenyewe alikuwa ameshika pembe moja kuivuta ikaze. Nyuzi kumi na moja zilikuwa zimeshakatwa, zimenyooka kama mistari ya daftari. Wa kumi na mbili ulikuwa umekwama katikati. Kisu hakikati, kinavuta. Ukingo wa uzi ulikuwa umechanikachanika, na Mama Gidamis alikuwa anakandamiza kwa nguvu za bega.

Nikatoa shikamoo kwa wakubwa wote, wakaniitikia. Mama Gidamis hakuinua macho.

"Umekuja siku mbaya, fundi," akasema. "Ngozi nimeiharibu. Nadhani niliikausha karibu na moto. Kisu ni kizima, ngozi ndiyo inakataa."

Wanawake wenzake walikuwa wanamtazama, na mmoja akasema kitu kwa lugha yao, akatikisa kichwa kwa huruma. Nilielewa bila kutafsiriwa. Kazi ya miezi yote ile, na lawama anajitwisha mwenyewe. Ningeweza kusema pole, nikakaa, nikakinoa kidogo, nikaondoka nikiwa fundi mzuri.

"Si ngozi, mama," nikasema. "Ni mimi. Nilikiunguza kwa mashine kule Katesh. Makali yamelainika, yanajikunja. Yatakata kidogo halafu yatakataa, kila mara."

Sasa akainua macho. "Ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Nilipokuomba unisamehe, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Binti akaachia pembe ya ngozi. Mama Gidamis akakifuta kisu kwenye goti, akanipa, mpini ukitangulia.

"Kaa hapo. Nikikuona."

Nilikaa. Chuma kilichoungua hakiponi kwa kunolewa. Kinaondolewa mpaka ufikie kizima. Nilisugua kwa upande mkali wa kibao, mkono mtupu, maji na subira, tangu kabla ya saa sita mpaka ndama walipoanza kulia wakisikia ng'ombe wanarudi. Kisu kilipungua upana kama unene wa njiti ya kiberiti. Hakuna aliyeniletea maziwa, na sikutegemea. Wanawake waliongea na kucheka, na nilijua wakati cheko lilikuwa langu kwa sababu lilikuwa linafuatiwa na kimya kidogo.

Nilijua nimefikia chuma kizima pale kibao kilipobadili sauti, kutoka kukwaruza kwa ulaini hadi mlio mkavu. Nikatengeneza makali, nikatoa ndevu, nikamalizia kwenye mkanda wangu wa ngozi ninaopangusia makali. Kisha nikakunja shati, nikanyoosha mkono wa kushoto, kwa mazoea tu.

Mama Gidamis akanishika kifundo.

"Acha mkono wako. Mkanda huo ni ngozi gani?"

"Ya ng'ombe, mama."

"Lete."

Akautandaza mkanda pajani, akaanza kukata nyuzi, za upana ule ule wa sketi. Mmoja, mwingine, mwingine. Baada ya kumi nikadhani ameridhika, nikanyoosha mkono kuupokea. Hakunitazama.

"Uzi wa kwanza kila kisu hukata," akasema.

Aliendelea mpaka mkanda wote ukawa mkia wa nyumbu. Kisha akachukua uzi wa kwanza na wa mwisho, akaziweka bega kwa bega juani, akazipitisha kwenye midomo yake kusikia kama kuna mkwaruzo. Akampa binti naye asikie. Binti akaitikia kwa kichwa. Ndipo wakaivuta ngozi tena.

Ule uzi wa kumi na mbili ulibaki mfupi kuliko wenzake, kwa nusu kidole. Wanawake waliujadili muda mrefu kuliko walivyonijadili mimi. Mwisho binti akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Utakuwa upande wa nyuma. Nitaukalia."

Wakacheka wote, hata mama yake. Nikachukua nafasi hiyo kufunga mfuko wangu.

"Kibao kinabaki," Mama Gidamis akasema.

"Mama, hicho ndicho pekee kinachoweza—"

"Nimekuona unavyofanya tangu asubuhi. Kinabaki."

Kikabaki. Malipo sikuyataja, wala yeye.

Nilikaa miezi kadhaa bila kwenda Getanuwas, nikijisemea ni mbali, mimi ambaye sijawahi kuona mahali ni mbali. Niliporudi, nikaweka kigoda mahali pangu pa siku zote, nikajaza ndoo, nikapanga mawe. Ng'ombe waliuzwa, nyama ikachomwa, saa saba ikafika, maji ya ndoo bado yanaonyesha mawingu. Hakuna kisu hata kimoja. Wanaume walikuwa wanapita na visu viunoni, wananisalimia vizuri tu, wanaendelea.

Nikamwita yule mchoma nyama. "Ndugu yangu, visu vya huku vimeacha kuchoka?"

"Vinachoka," akasema, akigeuza ubavu kwenye moto. "Vinanolewa kwa Mama Gidamis."

"Ananoa vizuri kuliko mimi?"

Alifikiri kwa uaminifu, hilo nalikumbuka. "Kuliko wewe, hapana. Mkono wake haujafika. Lakini yeye akikiharibu anakwambia."

Nikamwaga maji.